Maziwa ya Mama, Maziwa ya Kopo na Bakteria wa Tumbo la Mtoto Mchanga

Msimu wa kuchuma kahawa unapowadia Iyula, wilayani Mbozi, mama aliyejifungua karibuni hukabiliwa na uamuzi mgumu: aende shambani na mtoto mgongoni, au amwache kwa bibi pamoja na uji mwepesi au maziwa ya kopo. Somo hili linaeleza jinsi uamuzi huo unavyogusa tumbo la mtoto.

Kinachotokea tumboni

Katika siku za kwanza za maisha, bakteria wengi huingia katika utumbo wa mtoto, na chakula anachopewa huchangia sana kuamua ni wepi watakaostawi. Maziwa ya mama yana zaidi ya aina 100 za sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Sukari hizo hazipotei bure. Hufika katika utumbo mpana na kuwa chakula cha bifidobakteria, kundi lililotambuliwa mwaka 1899 na Henri Tissier wa Taasisi ya Pasteur, Paris, katika kinyesi cha mtoto aliyenyonyeshwa. Bakteria hao hutengeneza asidi inayozuia vijidudu vingi vya kuharisha kustawi.

Kwa mtoto anayelishwa maziwa ya kopo, bifidobakteria kwa kawaida huwa wachache, na bakteria wa aina nyingine huongezeka. Baadhi ya watengenezaji huongeza sukari chache za namna hiyo. Hata hivyo, maelezo hayo kwenye lebo hayamaanishi kuwa bidhaa ni sawa na maziwa ya mama. Uji nao hubadili mazingira ya utumbo kabla ya wakati wake, na maji au chombo kichafu huweza kuleta maradhi.

Mwongozo kwa mlaji

1. Mtoto anyonyeshwe ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, apate dang'a. Asipewe kitu kingine, hata maji, hadi atimize miezi 6, isipokuwa dawa alizoandikiwa.

2. Mama anayekwenda shambani akamue maziwa katika chombo safi chenye mfuniko. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kabla ya saa 4 kupita.

3. Maziwa ya kopo yatumike kwa ushauri wa mtaalamu wa afya. Unga huo huweza kuwa na vijidudu hata kopo likiwa halijafunguliwa. Uchanganywe na maji yaliyochemshwa, yasiyopoa chini ya nyuzi joto 70, kisha maziwa yapozwe na kutumika ndani ya saa 2.

4. Kipimo cha kwenye kopo kifuatwe. Kuongeza maji ili kopo lidumu humnyima mtoto lishe.

5. Kagua tarehe ya mwisho wa matumizi, na usinunue unga uliopimwa kutoka katika kopo lililofunguliwa.

Mama anayeishi na VVU asiache kunyonyesha kwa uamuzi wake pekee. Aendelee na dawa na kufuata ushauri wa kliniki. Aliyekwisha kuanza kuchanganya vyakula afike zahanati, kwani mara nyingi inawezekana kurejea katika unyonyeshaji.