Mwaka wa Sekondari Ukianzia Nyumbani: Mfungulie Mama Mlango wa Darasa Lako

 

Somo la leo ni la wewe unayeanza mwaka wa sekondari ukiwa nyumbani. Masomo yanakuja kwa simu, kwa redio au kwa kompyuta, na darasa ni ile ile meza mnayolia chakula. Sababu ni nyingi. Labda ni mafuriko, kama yale ya 2024 yaliyofanya muhula wa pili hapa Kenya usogezwe kutoka tarehe 29 Aprili hadi 13 Mei. Labda ni ugonjwa. Labda karo haijatimia, na mwalimu amekubali kukutumia kazi kwa simu. Vyovyote iwavyo, nina jambo moja la kukuambia: usisome peke yako, nyuma ya mlango uliofungwa. Nalijua kwa sababu mimi mwenyewe nililikosea.

Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako usome Luka 2:41-52. Ni habari ya Yesu akiwa na miaka kumi na miwili. Ukimaliza, rudi hapa.

Kisa changu

Mimi ni wa wale walioingia kidato cha kwanza Januari 2020. Sanduku la bati, godoro jipya, sare iliyonipwaya kwa sababu Mama alisema nitakua ndani yake. Tulikaa shuleni wiki tisa hivi. Jumapili tarehe 15 Machi, Jumapili ya tatu ya Kwaresima, Rais akatangaza shule zifungwe kwa sababu ya korona. Katikati ya wiki nilikuwa nyumbani na sanduku langu, nikidhani ni likizo fupi. Kumbe! Julai tukaambiwa mwaka mzima wa masomo umehesabiwa kuwa umepotea. Sisi wa kidato cha kwanza hatukurudi hadi tarehe 4 Januari 2021.

Basi muhula wa pili, ambao ungeanza Mei, ukaanzia nyumbani. Walimu wetu walifungua kundi la WhatsApp, wakawa wanatuma picha za kurasa, sauti na mazoezi. Kwetu tulikuwa watatu: Mama, mimi, na mdogo wangu wa darasa la tano. Mama anauza mboga. Simu janja ilikuwa moja tu nyumbani, na ilikuwa yake. Wateja walikuwa wakiagiza sukuma na nyanya kupitia simu hiyo. Kila asubuhi alikuwa anatoa laini yake, anaitia kwenye mulika mwizi, kisha ananiachia simu janja ikiwa na laini nyingine na bando la siku hiyo. Wale wateja wa kuagiza kwa WhatsApp wakaanza kununua kwingine. Hakulalamika.

Na mimi nilifanya nini? Nilifunga mlango wa chumba nikasema, "Niko darasani, msinisumbue." Kusema kweli, nilikuwa naangalia video na kucheza gemu hadi bando liishe. Kazi za mwalimu nilinakili kutoka kwa wenzangu. Jioni Mama akiuliza, "Umesoma?" nilijibu, "Ndiyo, Mama." Nikaendelea hivyo wiki tatu, na kwa kweli niliuona ni ujanja.

Jioni moja Mama alirudi mapema ili kafyu isimkute njiani. Akavua viatu, akaketi, akasema, "Mwanangu, leo nifundishe. Kitu kimoja tu ulichojifunza. Mimi niliishia darasa la nane, nataka kusikia huko mbele kuna nini."

Nikafungua daftari la Bayolojia. Nikamsomea maana ya osmosisi, neno kwa neno, nilivyoinakili. Alisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza, "Kwa hiyo ndiyo sababu mboga zangu zikinyauka mchana, nikizitia kwenye beseni la maji zinasimama tena?"

Nilinyamaza. Sikujua. Jibu lilikuwa ndiyo, lakini mimi niliyeandika ukurasa mzima wa osmosisi sikuweza kumjibu mwanamke aliyekuwa akiishuhudia kila siku kibandani pake. Machozi yakanijia, nikamwambia ukweli wote.

Nilitarajia kelele. Mama alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema polepole, "Simu hiyo ndiyo kibanda changu. Kila asubuhi nilikuwa nakuachia kibanda changu."

Neno hilo liliniuma kuliko fimbo. Makanisa yalipofunguliwa tena Julai, dhambi ya kwanza niliyoitaja katika kitubio ilikuwa hiyo.

Tunajifunza nini?

*1. Mzazi wako ni mwalimu wako wa kwanza, hata kama hajui somo lako.*

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake kuhusu elimu la tarehe 28 Oktoba 1965, unafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Katekisimu inarudia fundisho hilo katika namba 2223. Angalia vizuri: Kanisa halikusema wazazi waliosoma, au wazazi wanaojua aljebra. Limesema wazazi.

Sasa rudi kwenye Injili. Yesu amekaa hekaluni kati ya walimu, na wote wanastaajabia akili yake. Maria na Yosefu wanampata, anawajibu, na Luka anasema wazi kwamba hawakuelewa alichowaambia. Je, Yesu aliwaacha kwa sababu hawakumwelewa? Hapana. Alishuka nao Nazareti, akawatii, na huko ndiko alikoendelea kukua katika hekima na kimo. Naye Maria, asiyeelewa, aliyaweka yote moyoni mwake.

Mama yako anaweza asielewe mlinganyo wa kemia. Lakini anaweza kukuweka moyoni, wewe pamoja na masomo yako. Usimnyime nafasi hiyo kwa kumfungia mlango.

*2. Wewe pia umetumwa kuifundisha familia yako.*

Mtakatifu Carlo Acutis alizaliwa London mwaka 1991, akakulia Milano, akafariki tarehe 12 Oktoba 2006 akiwa na miaka 15, bado mwanafunzi wa sekondari. Alipenda kompyuta kama unavyopenda wewe, na alizitumia kutengeneza maonyesho ya miujiza ya Ekaristi ambayo yamezunguka nchi nyingi. Michezo ya video aliipenda pia, ila alijiwekea kikomo. Tena mama yake, Antonia Salzano, amesimulia hadharani kwamba hakuwa mtu wa kwenda kanisani, na kwamba maswali na mfano wa mwanawe ndivyo vilivyomrudisha katika imani. Mtoto alimfundisha mzazi!

Carlo alitangazwa mwenye heri tarehe 10 Oktoba 2020. Siku mbili baadaye, tarehe 12, ambayo ndiyo sikukuu yake, shule za Kenya zilianza kufunguliwa, zikianza na Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne. Mimi niliyebaki nyumbani hadi Januari nilimchukua awe rafiki yangu. Simu aliyoiachia Mama mezani ingeweza kunipoteza au kunijenga. Tofauti ilikuwa mimi.

*3. Ukweli ndio ada ya shule ya nyumbani.*

Shuleni kuna kengele, mwalimu wa zamu na kiranja. Nyumbani hakuna anayekufuata. Ukidanganya hutakamatwa leo. Lakini uongo huo unalipwa na mtu, na mara nyingi anayelipa ni yule anayekupenda.

Fanya hivi wiki ya kwanza

Haya ndiyo tuliyoyaanza kwetu kesho yake. Chukua yanayokufaa.

- *Kaeni kikao cha familia.* Onyesha ratiba yako yote. Uliza simu inahitajika saa ngapi kwa kazi ya mzazi, na saa hizo uirudishe bila kinyongo. Sisi tulikubaliana kwamba Jumamosi simu ni ya wateja.
- *Soma mahali unapoonekana.* Mimi nilihamia mezani sebuleni. Mdogo wangu akawa mtunza saa, na alikuwa mkali kuliko naibu wa mwalimu mkuu!
- *Fundisha kitu kimoja kila jioni, dakika kumi tu.* Eleza kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, bila kusoma daftari. Ukishindwa kueleza, ujue hujaelewa. Kesho rudia.
- *Weka hesabu ya bando.* Andika limetumika kwa nini. Ni pesa ya mtu.
- *Ukikwama, sema mapema.* Mwandikie mwalimu. Uliza kwenye Jumuiya yenu Ndogo Ndogo, maana hapakosi kaka au dada aliyepita kidato hicho. Pasipo na intaneti, vipindi vya redio na vitabu vya kuazima bado vinafundisha.
- *Anza kwa ishara ya msalaba.* Sala fupi kabla ya kufungua simu inakukumbusha unaifungua kwa ajili ya nini.

Najua si kila nyumba ni Nazareti. Kuna nyumba zenye ugomvi, na nyumba ambazo mzazi hayupo au hana nafasi kabisa. Kama ni kwenu, usikate tamaa. Tafuta mtu mzima mmoja unayemwamini: nyanya, shangazi, msimamizi wako wa kipaimara, katekista. Mwombe jambo dogo tu: "Naomba uwe unaniuliza kila wiki nimejifunza nini." Na kama nyumbani kuna mtu anayekuumiza, usinyamaze. Mweleze mtu mzima unayemwamini leo hii. Hiyo si kukosa utii.

Na ile osmosisi?

Niliirudia kesho yake, nikamweleza Mama kwa kutumia beseni lake. Mboga ikinyauka, seli zake zimepungukiwa maji. Ukiitia kwenye beseni, maji hupita kwenye utando mwembamba wa seli, yakitoka palipo na maji mengi kuelekea kwenye utomvu mzito ulio ndani. Seli zikijaa hukaza, na jani linasimama. Mama alicheka, akasema, "Kumbe nimekuwa nikifanya sayansi miaka yote hii!" Hadi leo mteja akimsifia sukuma zake, anamjibu kwamba ni osmosisi.

Kidato cha nne nilikimaliza 2023. Siku ya matokeo Mama hakuuliza gredi kwanza. Aliniambia, "Njoo, nifundishe zinasomwaje."

Maswali ya kujitafakari

1. Ni nani nyumbani anayejinyima kitu ili mimi nisome? Nimewahi kumshukuru kwa mdomo?
2. Kuna uongo gani kuhusu masomo yangu ambao natakiwa kuusema wazi wiki hii?
3. Leo jioni nitamfundisha nani, na kitu gani?

Azimio la wiki: Nitasoma mlango ukiwa wazi.

Tuombe

Ee Yesu, uliyekaa kati ya walimu hekaluni na bado ukarudi nyumbani kutii, tunaweka mikononi mwako mwaka huu wa masomo. Bariki meza yetu, simu yetu na daftari zetu. Tupe ukweli mbele ya wazazi wetu, na uwape wazazi wetu subira na nguvu. Maria, uliyeyaweka yote moyoni, utuombee. Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa Familia Takatifu, utuombee. Mtakatifu Carlo Acutis, utuombee. Amina.