SOMO LA LISHE: Saladi ya Parachichi ya Kikuba, Chakula Kisichopita Motoni



Katika somo hili utajifunza kutengeneza saladi ya parachichi kwa namna ya watu wa Cuba. Kazi yake haizidi nusu saa, wala haihitaji kuni au mkaa. Lakini kwa kuwa chakula hiki hakipikwi, kinaweza kukuletea afya au kukuletea kuhara, kulingana na maji, mikono na kisu ulivyotumia. Tafadhali soma hadi mwisho kabla hujaanza kukata.

Saladi hii ni nini?

Cuba ni nchi ya kisiwa katika bahari ya Karibi. Huko parachichi hukatwa vipande, likatandazwa kwenye sahani na kuwekwa kitunguu kilichokatwa vyembamba, ndimu, chumvi na mafuta. Huliwa pamoja na wali na maharagwe. Kwa Msumbiji, Cuba si nchi ngeni. Kuanzia mwaka 1977 maelfu ya vijana wa Msumbiji walikwenda kusoma huko, katika kisiwa ambacho leo kinaitwa Isla de la Juventud.

Wewe uliyetoka Quiterajo hutaona ajabu kwa ladha yake. Kitunguu, ndimu na chumvi ni kachumbari ya pwani tunayoijua. Kilichoongezeka ni parachichi, ambalo kwa Kireno sokoni huitwa abacate. Mti wake hupenda zaidi nchi za juu zenye ubaridi kuliko mchanga wa pwani unaostawisha minazi. Kwa hiyo huenda ukalipata sokoni tu, na si kila siku.

Kwa nini tujisumbue?

Nyumbani Quiterajo, katika wilaya ya Macomia, kulikuwa na samaki, nazi, muhogo na maembe. Watu wengi walikimbia mashambulizi ya mwaka 2020 wakaacha mashamba na vyombo vyao vya kuvulia. Mgao wa chakula kwa kawaida ni nafaka, maharagwe na mafuta. Unashibisha, lakini hauna matunda wala mboga mbichi.

Kula chakula cha aina moja kwa miezi mingi kuna hatari. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipatwa na ugonjwa wa pelagra. Waliougua walikuwa zaidi ya 17,000. Ngozi iliyopigwa na jua iliingia weusi na kukwaruza, kisha wengine wakaharisha na kuchanganyikiwa akili. Chakula chao kikuu kilikuwa mahindi, na karanga zilizokuwa zikiwapa vitamini iitwayo niasini zilikuwa zimekosekana katika mgao. Saladi moja haizuii pelagra. Kinachozuia ni kuchanganya vyakula, na saladi hii ni njia mojawapo ya kuchanganya.

Faida za saladi hii ni hizi:

- Parachichi lina mafuta mazuri. Gramu 100 za nyama yake hutoa takriban kalori 160.
- Mafuta hayo husaidia mwili kuchukua vitamini A kutoka katika mboga za majani, karoti na maboga unayokula pamoja nayo.
- Ndimu ina vitamini C, ambayo husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe. Kwa hiyo ile saladi pamoja na maharagwe, katika mlo mmoja.

Mahitaji (watu 4 hadi 5)

- Parachichi bivu 2
- Kitunguu maji 1 cha wastani
- Ndimu 1 au 2
- Mafuta ya kula, vijiko 2 vya chakula
- Chumvi, nusu kijiko cha chai au pungufu
- Karanga zilizokaangwa na kutwangwa, kiganja kimoja. Hizi si za Kikuba, tumeziongeza sisi kwa ajili ya niasini. Karanga zenye ukungu au uchungu zitupwe.
- Maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa

Hatua za kufuata

1. Andaa maji. Yachemshe hadi yatokote kwa nguvu kwa dakika moja au zaidi, kisha yafunike yapoe. Ukitumia dawa ya klorini kama Certeza, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na usubiri dakika 30.

2. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kama huna bomba, tumia kibuyu chirizi au mtu akumiminie kwa kikombe. Kukosa sabuni, tumia majivu.

3. Osha kisu, ubao na sahani. Usitumie kisu kilichotoka kupasua samaki au kukata nyama kabla ya kukiosha kwa sabuni.

4. Osha parachichi likiwa na ganda lake. Wengi huiruka hatua hii kwa kuwa ganda haliliwi. Lakini kisu kinapopita kwenye ganda lenye uchafu, huuingiza uchafu huo hadi kwenye nyama ya tunda. Ndimu nayo ioshwe vivyo hivyo kabla ya kukatwa.

5. Menya kitunguu, kioshe, kikate vipande vyembamba. Ukikiona kikali, kiloweke dakika 10 katika maji yale yale safi yenye chumvi kidogo, kisha umwage maji.

6. Kata parachichi katikati, ondoa kokwa, menya ganda, kisha kata vipande vinene kidogo. Vitandaze kwenye sahani. Usivikoroge, vitapondeka.

7. Weka kitunguu juu. Kamua ndimu, nyunyiza chumvi, mimina mafuta, kisha malizia na karanga.

8. Kula mara moja. Usiiweke zaidi ya saa 2, na kwenye joto kali usizidishe saa 1. Parachichi likigeuka kahawia kidogo kwa sababu ya hewa si sumu. Likinuka au likichacha, litupe.

Je, ndimu inaua kipindupindu?

Swali hili huulizwa mara nyingi. Ni kweli kwamba vijidudu vya kipindupindu havipendi ukali wa ndimu. Nchini Guinea-Bissau, wakati wa milipuko ya miaka ya 1990, ilionekana kwamba ndimu iliyokamuliwa katika chakula ilisaidia kukinga watu. Lakini ndimu haifiki kila mahali kwenye sahani, na vijidudu vingine huvumilia ukali huo. Ndimu ni nyongeza, haichukui nafasi ya maji safi na sabuni.

Tusisahau kwamba baada ya Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019, kipindupindu kilizuka Cabo Delgado mwezi Mei mwaka huo huo. Kama kuna kipindupindu katika kambi na huna uhakika na maji yako, acha vyakula vibichi siku hizo. Kula vilivyopikwa, vikiwa bado vya moto. Parachichi unaweza kulimenya na kulila peke yake, baada ya kuosha ganda, kisu na mikono.

Watoto na wagonjwa

Mtoto aliyetimiza miezi 6 anaweza kupewa parachichi lililopondwa laini, bila chumvi, kitunguu wala karanga za vipande, huku akiendelea kunyonya. Mwenye shinikizo la damu apunguze chumvi, ndimu itatosha kuleta ladha. Mtu akianza kuharisha majimaji, mpe maji ya chumvichumvi na mpeleke kituo cha afya bila kungoja.

Jipime mwenyewe

1. Kwa nini tunaosha ganda la parachichi ambalo hatulili?
2. Kwa nini ni vizuri kula saladi hii pamoja na maharagwe?
3. Je, ndimu peke yake yatosha kukulinda na kipindupindu?
4. Ni wakati gani unapaswa kuacha vyakula vibichi?

Jadili majibu na watu wa nyumbani kwako, hasa na yule anayeteka maji na yule anayeshika kisu. Chakula kilichopikwa husafishwa na moto. Saladi haina moto, hivyo usafi wa watu hao wawili ndio kinga yake.