Upinde Hupimwa kwa Mwili wa Mwenyewe

Magharibi ya mji wa Beni, katika nchi ya Mabalako, mashamba ya migomba na kakao yakutana na msitu mkubwa. Huko aliishi mvulana wa miaka 12. Siku moja alitwaa upinde wa baba yake bila ruhusa, akaenda nyuma ya nyumba kujifunza kupiga mshale. Alisimamisha kipande cha mgomba, akarudi nyuma hatua kumi, akavuta.

Mshale wa kwanza ulianguka karibu na miguu yake. Wa pili ulikwenda kushoto. Alipopiga mara ya tatu, upote, yaani kamba ya upinde, ulimchapa mkononi, naye akashtuka. Mshale ukapita juu ya mgomba, ukachoma ukuta wa udongo wa jiko. Dada yake mdogo alikuwa ameketi chini ya ukuta ule, akimenya ndizi. Kati ya mshale na kichwa chake palikuwa na nafasi ya shibiri moja tu.

Mtoto akalia. Babu yao akatoka ndani, akaung’oa mshale, akamwita mvulana.

“Mjukuu wangu, ni nani aliyekosa?”

“Mkono wangu, Babu. Mkono wangu ni dhaifu.”

“Sivyo. Umekosa wewe, kwa sababu umepiga mshale mahali penye watu. Mkono haukukosa, wala upinde haukukosa. Upinde huu ni wa baba yako. Ulipimwa kwa mikono yake. Leo jioni utamwambia baba yako mwenyewe. Kisha tutatengeneza upinde wako, nawe utaupima kwa mikono yako.”

1. Kupima mwili

Asubuhi babu alileta kijiti kilichonyoka cha mti mgumu, kilichokaushwa miezi mingi juu ya jiko. Mvulana alitaka kukichonga mara moja. Babu akamzuia: “Kwanza vipimo, halafu kisu.”

Mvulana akasimama ukutani, akanyosha mikono yote miwili. Babu akatia alama kwenye ncha za vidole vya huku na huku. Kipimo hicho wazee wa kale walikiita pima. Pima ya mvulana ilikuwa sentimita 140.

Pima yaonyesha urefu wa kuvuta. Igawanyeni kwa 5, mchukue mafungu mawili. Basi, 140 kwa 5 ni 28; na 28 mara 2 ni 56. Mvulana huyo huvuta upote sentimita 56, si zaidi.

Mshale huongezwa sentimita 5, hata ukawa 61. Kwa nini? Mshale mfupi, ukivutwa mno, hutoka mahali pake juu ya upinde. Upote ukiachwa, mshale huo waweza kutoboa mkono ulioshika upinde.

Upinde wenyewe huwa mara mbili ya urefu wa kuvuta, pamoja na shibiri moja. Shibiri ya mvulana ilikuwa sentimita 18. Basi, 112 na 18 ni 130. Upinde wa baba yake ulikuwa mrefu na mgumu kuliko huo. Ndiyo sababu mvulana hakuweza kuuvuta hata mwisho, na mshale wa kwanza ukaanguka miguuni pake.

2. Kusawazisha mikono ya upinde

Upinde una mgongo na tumbo. Mgongo ni upande utazamao mbele, tumbo ni upande umtazamao mpigaji. Mtu akivuta, mgongo hunyoshwa na tumbo hubanwa. Kwa hiyo fundi huchonga tumbo peke yake. Akikata mgongo, upinde utapasuka.

Upinde una mikono miwili pia, wa juu na wa chini. Yapasa yote miwili ipindike sawasawa. Mvulana alifunga upote, akapima sentimita 30 toka katikati kwenda juu, na 30 kwenda chini, akatia alama. Kisha akapima nafasi kati ya upote na mti penye kila alama. Juu alipata sentimita 10, chini 8.

“Mkono upi ni mgumu?” babu akauliza.

Mvulana akafikiri. “Wa chini, Babu. Umekataa kupindika, kwa hiyo uko karibu na upote.”

“Vema. Ukwangue huo, lakini kidogo kidogo. Mti uliokwanguliwa haurudi.”

Akakwangua, akapima, akakwangua tena, akapima tena. Kazi hiyo ilichukua siku tatu. Mwishoni nafasi zote mbili zilikuwa sawa.

3. Kupima upote

Mvulana alikuwa amesokota upote wa nyuzi za mkonge. Upote usilegee, wala usikazwe mno. Ukiwa karibu sana na mti, huchapa mkono. Ukiwa mbali sana, mti huchoka na mshale hupungukiwa na nguvu.

Kipimo chake ni ngumi. Mtu husimamisha ngumi juu ya mti katikati ya upinde, akainua kidole gumba. Upote uguse ncha ya gumba. Ngumi na gumba la mvulana vilikuwa sentimita 13, lakini upote wake ulikuwa kwenye 10. Babu akafungua ncha moja, akaisokota kamba zaidi. Kamba ikisokotwa hufupika, nao upote huondoka kwenye mti. Wakafanya hivyo mara tatu, wakapata 13.

Wambuti, wenyeji wa kale wa msitu wa Ituri, hutumia upinde mfupi wenye upote wa kekele, ule mmea utambaao ambao watu husukia viti. Ukanda wa kekele hausokotwi. Ukilegea, hufungwa upya. Nao huvaa kinga ya ngozi mkononi ili upote usiwaumize. Babu alimshonea mjukuu wake kinga kama hiyo.

4. Kujaribu

Sasa walichagua mahali pengine, mbele ya ukingo mrefu wa udongo, pasipo na njia wala nyumba nyuma yake. Shabaha ilikuwa kipande cha mgomba, si mnyama. Katika nchi hiyo ya Mabalako ugonjwa wa Ebola ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, na haukutangazwa kuwa umekwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Mtoto asiguse mnyama wa msituni aliyekufa au mgonjwa.

Mvulana akapiga mishale mitano. Yote mitano ilipita kushoto, akahuzunika. Lakini babu alifurahi.

“Tazama, yote imekaa pamoja, kama vidole vya mkono mmoja. Mishale iliyotawanyika yaonyesha kosa la mpigaji. Mishale iliyokusanyika mahali pasipofaa yaonyesha kosa la chombo. Na chombo hutengenezwa.”

Wakatazama mishale. Ilikuwa minene. Mshale mgumu mno, mpigaji akivuta kwa mkono wa kuume, huelekea kushoto. Mshale mlegevu mno huelekea kuume. Mvulana akataka kukwangua mishale, kukaza upote na kubadili mahali pa kusimama, yote kwa mara moja. Babu akakataa: “Ukibadili mambo matatu, utajuaje ni lipi lililosaidia? Badili moja, ujaribu, uandike.”

Mvulana akakwangua mishale tu, akaandika katika daftari. Siku ya pili mishale mitatu kati ya mitano ilichoma mgomba. Dada yake aliketi nyuma yake, mbali na njia ya mshale, akihesabu kwa sauti kubwa.

Tundu la ukuta wa jiko halikuzibwa. Babu aliliacha lionekane.

5. Upinde wa mtambo

Mbali na hapo, upande wa magharibi, katika nchi za Gabon na Kamerun, Wafang walitumia upinde wa namna nyingine. Uta mfupi na mgumu umefungwa mbele ya gogo jembamba, kama msalaba. Upote huvutwa ukanaswa katika pengo la gogo, na kijiti kidogo huusukuma utoke. Mikono haichoki, kwa maana mtambo ndio unaoshika upote. Lakini kanuni hazibadiliki. Uta lazima ukae katikati ya gogo, na mikono yake miwili ilingane. Ikipitana kidogo tu, mshale utakwenda upande.

Ya kukumbuka

Pima kabla ya kukata. Kwangua kidogo kidogo. Badili jambo moja kwa mara moja, uandike. Usiachie upote bila mshale, kwa maana nguvu yote hurudi katika mti na kuuvunja. Usivute kamwe kama kuna mtu mbele yako au nyuma ya shabaha.

Maulizo

1. Kwa nini upinde wa baba haukumfaa mvulana?
2. Mkono mgumu wa upinde hujulikanaje?
3. Kwa nini babu alifurahi mishale yote ilipopita kushoto?
4. Kwa nini babu hakuziba tundu la ukuta?
5. Hesabu: Pima ya msichana mmoja ni sentimita 150 na shibiri yake ni 19. Atafute urefu wa kuvuta, urefu wa mshale na urefu wa upinde wake.
6. Kazi: Kila mwanafunzi apime pima, shibiri na ngumi yake, aandike katika daftari.