Taa ya ABS Ikiwaka, Usikimbilie Kununua Pampu

Magari mengi yanayofika vijijini siku hizi yalikwisha tumika kwanza Japani. HiAce moja leo hubeba watu, kesho hubeba magunia. Ndani yake, mbele ya dereva, kuna taa ndogo ya njano yenye herufi tatu: ABS. Katika magari mengi taa hiyo inawaka tangu asubuhi mpaka usiku. Abiria akiuliza, mazungumzo huwa hivi:

"Dereva, hiyo taa ya njano ni ya nini?"

"Aa, mama, hiyo usiijali. Gari tulilinunua likiwa hivyo hivyo."

Jibu hilo halitoshi. Leo tusome taa hiyo inasema nini, na jinsi ya kutafuta ugonjwa wake bila kutupa pesa za kikundi.

ABS hufanya kazi gani?

Dereva akikanyaga breki kwa nguvu penye utelezi, magurudumu huacha kuzunguka lakini gari bado linakwenda. Linateleza tu. Hapo hata ukikata usukani kulia, gari halikusikii. ABS iliwekwa ili kuzuia jambo hilo. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliitoa mwaka 1978, ikafungwa kwanza katika magari ya Mercedes-Benz.

Kwenye gurudumu kuna pete ya chuma yenye meno. Karibu na meno hayo kuna sensa, yaani kifaa kidogo chenye sumaku. Pete ikizunguka, sensa hupeleka habari kwa waya mpaka kwenye kompyuta ndogo ya gari. Kompyuta ikiona gurudumu moja linataka kukwama, huiambia pampu ya ABS ilegeze breki ya gurudumu hilo na kuikaza tena, mara nyingi kwa sekunde moja. Dereva husikia pedali ikitetemeka mguuni. Asiogope, wala asiondoe mguu.

Taa ya njano ikibaki inawaka, maana yake kompyuta imeona kasoro na kuizima ABS. Breki za kawaida bado zipo, lakini magurudumu yanaweza kukwama. Basi dereva apunguze mwendo na aache nafasi kubwa mbele yake, hasa kwenye matope na changarawe.

Taa nyekundu ya breki ni habari nyingine. Kwanza tazama kama breki ya mkono imeachwa juu. Kama sivyo, huenda mafuta ya breki yamepungua. Nyekundu na njano zikiwaka pamoja, simamisha gari. Abiria washuke, hata wakinung'unika.

Tuanze kutafuta

Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya ABS lazima iwake, kisha izimike baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa, usifurahi. Huenda balbu imeungua, au mtu ameitoa makusudi ili gari liuzike. Kikundi kinachonunua gari kifanye jaribio hili kabla ya kuhesabu pesa.

Sasa tazama taa inawaka wakati gani. Ikiwa haizimiki tangu swichi inapowashwa, shuku fyuzi, waya uliokatika, au betri yenye nguvu ndogo. Ikiwa inazimika halafu inawaka tena gari likishaondoka, shuku magurudumuni. Huko ndiko ugonjwa unakopatikana mara nyingi, na barabara zetu ndizo zinazouleta.

Inua gari kwa jeki, uweke na magogo imara chini yake. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, huenda beringi imekwisha, na pete inakwenda mbali na sensa halafu inarudi. Nafasi kati yao ni ndogo sana, kama milimita moja au chini ya hapo. Fuata waya wa sensa kwa mkono tangu mwanzo hadi mwisho. Jiwe huukata, na mara nyingine waya wenyewe umefungwa vibaya, ukasuguliwa na tairi. Kisha tazama meno ya pete: yako yote? Sumaku hukusanya unga wa chuma na matope, basi safisha kwa kitambaa. Sensa iliyoshikwa na kutu usiivute kwa koleo wala kuipiga nyundo, itavunjika. Angalia pia matairi yote yawe ya saizi moja. Tairi dogo huzunguka upesi kuliko mengine, na kompyuta hudanganyika.

Taa inayohesabu

Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, taa yenyewe hutaja ugonjwa kwa namba. Chini ya boneti kuna kikasha chenye matundu, na ndani ya mfuniko wake majina ya matundu yameandikwa. Fundi huunganisha TC na E1 kwa kipande cha waya, halafu huwasha swichi. Taa huanza kupepesa. Ikipepesa mara 3, ikatulia kidogo, kisha mara 1, hiyo ni 31: sensa ya mbele kulia. 32 ni mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Kulia ni kulia kwa dereva aliyekaa kitini. Kazi hii aifanye fundi anayesoma majina ya matundu. Akikosea tundu, anaweza kuunguza kitu. Magari ya baadaye hupimwa kwa mashine, lakini mashine nyingi za bei ndogo husoma injini tu, hazisomi ABS.

Kwa hiyo fundi akitazama taa tu na kusema, "Pampu imekufa, leteni hela," mwulizeni: "Fundi, umepata namba gani? Waya umeukagua?" Pampu hufa kweli, lakini ni ghali, nayo hushukiwa mwisho.

Zoezi

1. Taa imepepesa mara 3, ikatulia, ikapepesa mara 4. Fundi aanze na gurudumu lipi?

2. Umewasha swichi na taa ya ABS haikuwaka hata kidogo. Utamwambia nini mwenye kuuza gari?