Soda ya Kijani Yenye Kilemba Cheupe

Glasi ya kwanza ya kuriimu soda niliyoiandaa mwenyewe ilinywewa na kitambaa cha meza. Nilimimina soda iliyokuwa imekaa kabatini, nikatumbukiza aiskrimu iliyokwisha kulegea, na povu likapanda kama maziwa yanayochemka bila mtu wa kuyatazama. Kilichobaki ndani ya glasi kilikuwa na rangi ya ukuta wa zahanati. Utamu ulikuwepo, sikatai. Lakini Mjapani aliyekulia karibu na mgahawa wa mtaani kwao angekitazama na kuuliza ni kitu gani.

Kuriimu soda ya kweli husimama. Chini kuna kijani kinachong'aa kama kioo, juu donge jeupe la aiskrimu ya vanila limekaa kama kilemba, na juu ya kilemba cheri moja nyekundu yenye kikonyo chake. Mpangilio huo hauji kwa bahati. Unajengwa, na anayeujenga ni barafu. Ukiijua barafu, mengine yote ni sukari na maji.

Ilikotoka

Mwaka 1902 duka la dawa la Shiseido, katika mtaa wa Ginza jijini Tokyo, lilifungua kaunta ya kuuza maji ya soda na aiskrimu. Mwanzilishi wake, Fukuhara Arinobu, alikuwa ameona kaunta za namna hiyo katika maduka ya dawa ya Marekani. Soda yenye aiskrimu ikaingia Japani kwa mlango huo, ikiwa kitu cha kigeni na cha fahari.

Baadaye ikashuka kutoka Ginza na kuenea mitaani. Katika enzi ya Showa, iliyoanza mwaka 1926 na kumalizika mwaka 1989, ilipata makao yake katika kissaten, yaani migahawa midogo ya kahawa yenye taa hafifu, viti vya mahameli na mwenye mgahawa anayeitwa na wateja wake "masuta". Ilipata makao pia katika kumbi za chakula za maduka makubwa, ambako wazazi waliwapeleka watoto siku ya mapumziko. Mtoto aliiona kwanza dirishani, maana migahawa ya Japani ina desturi ya kuweka nje sanamu za vyakula zilizotengenezwa kwa nta au plastiki. Glasi ya kijani yenye kilemba cheupe ilimwita kabla hajajua kusoma orodha ya vinywaji. Ndiyo sababu mtu mzima wa leo akiiona hukumbuka siku aliyonunuliwa na babake au mamake.

Jina lisikuchanganye. Marekani ukiagiza kitu chenye jina hilo unaletewa soda ya chupa yenye ladha ya vanila, bila aiskrimu yoyote. Japani, kuriimu soda ni hii yenye aiskrimu, na mtu asipotaja rangi anakusudia ile ya kijani yenye ladha ya meloni.

Usihangaike na meloni

Hapa ndipo wapishi wengi wenye nia njema hupotea. Wakisikia ni soda ya meloni, wanakimbilia sokoni kununua tunda hilo, ndugu yake tikitimaji, na kulisaga. Usifanye hivyo. Soda ya meloni ya Wajapani kwa kawaida haina tunda ndani yake. Ni sukari, harufu na rangi.

Sababu yake inaeleweka. Meloni nzuri Japani ni tunda la zawadi, linalofungwa kwenye kasha na kupelekwa kwa mtu wa heshima. Mwaka 2019 meloni mbili za Yubari, kisiwani Hokkaido, ziliuzwa mnadani kwa yeni milioni 5. Huo ni mnada wa kujionyesha, lakini unakupa picha ya tunda lenyewe. Soda ya kijani ilimpa mtoto wa kawaida jina na harufu ya tunda ambalo nyumbani kwao halikuingia ovyo. Uongo wake ni sehemu ya utamu wake.

Kuna na sababu ya jikoni. Tunda lililosagwa huacha chembechembe, na kila chembe ni mahali pa gesi kukusanyika na kutoka. Utapata povu jingi, soda iliyopooza na rangi iliyofifia. Kama una meloni nzuri, kaa uile kwa kisu na sahani.

Mahitaji kwa glasi nne

Sukari gramu 100
Maji mililita 100
Arki ya meloni, matone machache
Rangi ya chakula ya kijani, na tone moja la manjano ukipenda
Maji ya limau, nusu kijiko cha chai
Maji ya gesi yasiyo na ladha, mililita 640, ya baridi kabisa
Aiskrimu ya vanila, madonge manne
Cheri nne za kopo, zenye vikonyo
Barafu nyingi, vipande vikubwa

Arki ya meloni hupatikana katika maduka ya vifaa vya keki. Ukiikosa, weka tone moja la arki ya ndizi na moja la arki ya nanasi. Haitakuwa meloni, ila itakuwa jirani yake, na macho yatamalizia kazi. Japani kwenyewe kuna msemo wa siku nyingi kwamba shira za rangi zinazomiminwa juu ya barafu ya kukwangua zina utamu mmoja, na kinachozitofautisha ni rangi na harufu tu. Ukibahatika kupata chupa ya shira hiyo ya barafu, ya kijani, basi huna haja ya kupika chochote. Wajapani wengi hutumia hiyohiyo wanapoandaa kuriimu soda nyumbani.

Siku moja kabla: barafu

Chemsha maji, yaache yapoe, kisha yagandishe kwenye vyombo vyenye vyumba vikubwa. Kipande kikubwa huyeyuka polepole kuliko vidogo vya uzito uleule, kwa sababu eneo lake la nje ni dogo. Vipande vidogo vitakuwa maji kabla hujamaliza kupiga picha.

Siku hiyohiyo chota aiskrimu. Chovya kijiko katika maji ya moto, kifute, kisha kikokote juu ya aiskrimu hadi ijikunje kuwa donge. Panga madonge kwenye sahani iliyotandikwa karatasi ya kuokea, yafunike, na uyarudishe kwenye friza. Huu ndio ufundi mdogo ulionikomboa. Donge lililochotwa muda huohuo lina ngozi iliyolegea, na ngozi hiyo ikigusa soda povu huanza mara moja. Donge lililogandishwa upya lina ngozi ngumu na linakupa muda.

Shira

Weka sukari na maji kwenye sufuria ndogo, koroga juu ya moto hadi sukari iyeyuke yote, kisha ipua. Usiiache ichemke hadi kuwa nzito kama shira ya kaimati, maana shira nzito haichanganyiki na maji baridi; italala chini ya glasi na kugoma. Ikishapoa tia limau, arki na rangi.

Arki weka kwa tone, ukionja. Rangi weka hadi shira ionekane ya kijani cha kutisha, kwa kuwa baadaye itachanganywa na maji mara nne ya ujazo wake. Limau lisizidi kipimo. Kazi yake ni kukata utamu; likizidi litayakata na maziwa ya aiskrimu, uone punje nyeupe zikielea. Weka shira kwenye friji hadi iwe baridi kabisa.

Kujenga glasi

Tumia glasi ndefu ya kuingia mililita 350 hadi 400. Glasi za kissaten aghalabu huwa na mguu, lakini yoyote nyembamba na angavu inafaa. Iweke kwenye friji dakika kumi. Usiitie kwenye friza, la sivyo itavaa ukungu mweupe na kuficha rangi uliyoihangaikia.

Kwanza, toa barafu na uiache nje dakika tano hadi uso wake ung'ae, kisha isuuze kwa maji baridi na kuichuja. Barafu iliyotoka friza moja kwa moja ina chembe za jalidi, na gesi hupenda kutokea penye ukwaruzo.

Pili, mimina shira vijiko vya chakula viwili na nusu chini ya glasi.

Tatu, jaza barafu hadi juu. Sisemi nusu, wala robo tatu. Vipange vipande vishikane, na cha mwisho kiwe bapa, kikae sawa na mdomo wa glasi. Hicho ndicho kigoda cha aiskrimu. Ukiweka barafu chache, zitaelea, donge litazama kati yao, na utarudi kwenye ukuta wa zahanati.

Nne, inamisha glasi kidogo na umimine maji ya gesi taratibu, mililita 160 hivi, yakiteleza pembeni. Maji baridi hushika gesi vizuri kuliko ya uvuguvugu, ndiyo maana chupa lazima iwe imelala kwenye friji usiku kucha. Acha nafasi kidogo tu juu.

Tano, ingiza kijiko kirefu hadi chini, kiinue mara moja au mbili, kisha kitoe. Usikoroge kwa mzunguko kama chai. Ukipenda kijani kilichokolea chini na kufifia kuelekea juu, acha bila kuinua kabisa. Mnywaji atachanganya mwenyewe kwa mrija.

Sita, subiri nusu dakika povu litulie. Ndipo uweke donge juu ya kigoda, polepole, liguse soda kwa makalio tu.

Saba, cheri. Ikaushe kwanza kwa karatasi, la sivyo itamwaga machozi mekundu kwenye kilemba. Weka mrija upande mmoja, kijiko kirefu upande mwingine, na upeleke mezani mara moja.

Ikiharibika

Povu likipanda na kumwagika, chanzo ni kimojawapo kati ya vitatu: soda haikuwa baridi, aiskrimu ilikuwa laini, au uliidondosha kutoka juu. Aiskrimu ina mafuta na protini za maziwa, na hizo hukizunguka kila kiputo cha gesi na kukizuia kisipasuke haraka. Povu kidogo ni haki yake. Povu la kumwagika ni haraka yako.

Rangi ikiwa chafu mapema, donge lilizama. Ongeza barafu glasi ijayo. Ladha ikiwa ya maji, ulitumia vipande vidogo. Na kama huna maji ya gesi, chukua Sprite ya baridi, acha shira kabisa, tia arki na rangi peke yake. Sukari imo tayari.

Rangi nyingine

Ukishaimudu ya kijani, kissaten zina sherehe nzima ya rangi: ya buluu inayoitwa Buluu Hawai, nyekundu ya stroberi, zambarau ya zabibu. Vipimo ni vilevile. Badilisha arki na rangi. Kuna pia dada yake wa watu wazima, kahawa yenye aiskrimu: kahawa nyeusi kali iliyopozwa juu ya barafu, shira kidogo isiyo na rangi, na donge juu. Hiyo haina gesi, kwa hiyo haina hasira, nayo ni shule nzuri ya kuanzia. Na mtu wa Mombasa au Unguja mwenye chupa ya shira ya rozi iliyobaki kwenye faluda asione haya kuijaribu. Kama faluda, hiki nacho ni kinywaji cha kijiko.

Namna ya kuinywa

Watu hugombana kuhusu hili, kwa hiyo nitasema langu. Anza na mrija, vuta soda ikiwa bado safi na kali. Kisha, kabla aiskrimu haijalegea, pitisha kijiko chini ya kilemba, pale kinapogusa barafu. Hapo aiskrimu na soda huwa zimegandiana zikafanya utando mwembamba wa chengachenga. Wajapani wana neno la sauti yake mdomoni, "shari-shari". Utando huo haukai. Ukipiga simu umeukosa.

Baada ya hapo acha mambo yachanganyike: kijani kiwe maziwa, gesi ipungue, soda igeuke aiskrimu ya kunywa. Rangi itarudi kuwa ile ya ukuta wa zahanati niliyoilaumu mwanzoni, na safari hii hutaijali, maana utakuwa umeona ilikopitia. Cheri ile mwisho. Mtoto yeyote aliyewahi kununuliwa glasi hii atakuambia vivyo hivyo.