Mimba ya Pili Baada ya Upasuaji

Dada mpendwa, kama kifungua mimba wako alizaliwa kwa upasuaji na sasa u mjamzito tena, nenda kliniki na mumeo, mkichukua karatasi za wakati ule. Kovu la ngozi halionyeshi jinsi mji wa mimba ulivyokatwa. Ikiwa ulikatwa kwa kukingama, upande wa chini, daktari aweza kukuruhusu ungojee uchungu: katika akina mama 100 wanaojaribu, 60 hadi 80 hujifungua kwa njia ya kawaida. Lakini kwa mmoja hivi katika 200 kovu hupasuka. Basi bwana, usikubali angojee mbali na hospitali yenye chumba cha upasuaji, hata mama mkwe akinung'unika. Upasuaji wa kupangwa hupunguza sana hatari hiyo; ila kila upasuaji huzidisha hatari ya kondo la nyuma kung'ang'ania katika mimba zijazo. Je, ninyi wawili mmekwisha kuzungumza mnatumaini watoto wangapi?