Jua haki zako: kabla hujajenga ukuta wa lupango wako

Hapa Uvira, kutoka Kavimvira mpaka Kalundu, majirani walioishi kwa amani miaka mingi huanza kugombana siku fundi anapochimba msingi. Matete ya zamani yanang'olewa, bloki zinapangwa, na ukuta mpya unaingia hatua moja ndani ya parseli ya mwingine. Mwenye ukuta anaamini kwamba ameshinda. Sheria haisemi hivyo. Ukuta haumpi mtu ardhi. Kinachompa haki ni hati yake na mipaka iliyopimwa, na hivyo viwili lazima vitangulie simenti.

Ardhi ni ya nani?

Sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema katika kifungu cha 53 kwamba udongo wote wa nchi ni mali ya Serikali peke yake. Raia hupewa haki ya kuutumia, na kwa mujibu wa kifungu cha 219 haki hiyo inathibitishwa na cheti cha uandikishaji kinachotolewa na konservatere wa hati za ardhi.

Wengi wetu Uvira tuna karatasi ya mauzo tu, iliyotiwa sahihi mbele ya mashahidi na shefu wa kartie. Itunze vizuri, kwa sababu inaonyesha nani alikuuzia na lini. Lakini haichukui nafasi ya cheti. Kama hiyo ndiyo karatasi yako pekee, anza kuomba cheti kabla ya kutumia akiba yako kwenye ukuta wa kudumu.

Hatua nne kabla ya kuchimba

1. Tafuta alama za mpaka, zile wapimaji wanaziita borne. Kama hazionekani, omba ofisi ya kadastre ije kupima upya. Usitegemee mwembe wala kumbukumbu ya mzee mmoja.

2. Waite majirani wote unaopakana nao siku ya kupima. Mkikubaliana, andikeni: ukuta unapita wapi, nani analipa, na kama ni wa mmoja au ni wa wote wawili. Kila mmoja atie sahihi na abaki na nakala yake. Patano la mdomo linakufa na wazee, kisha watoto wanarithi ugomvi.

3. Nenda ofisi ya urbanisme na makazi. Uliza ruhusa gani inahitajika kwa ukuta wako na ukae mbali kiasi gani na barabara. Avenyu ni mali ya umma. Ukuta unaoila unaweza kubomolewa, nawe ukabaki na hasara.

4. Kila unapolipa, dai risiti yenye jina la ofisi, kiasi na sababu ya malipo. Una haki ya kuuliza kila ada imewekwa na sheria gani.

Maji ya mlima

Mji wetu umebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika, kwa hiyo maji ya mvua hupita kwenye parseli zetu yakielekea ziwani. Sheria inasema ardhi ya chini lazima ipokee maji yanayoteremka yenyewe kutoka ardhi ya juu. Aliye chini haruhusiwi kuyaziba kwa ukuta, na aliye juu haruhusiwi kuyaongeza au kuyageuza yamwangukie mwenzake. Acha matundu ya maji chini ya ukuta, na usijenge ndani ya njia ya mto. Tunakumbuka Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika ukaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba.

Kwa walio kando ya ziwa: ziwa na mito ni mali ya umma, na hakuna wa kukuuzia maji. Mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia katika nyumba nyingi za pwani. Akija mtu kukuuzia sehemu ambako ziwa limerudi nyuma, kataa.

Jirani akisogeza mpaka

Usibomoe ukuta wake kwa mikono yako, kwa maana wewe ndiwe utakayeshtakiwa kwa kuharibu mali. Piga picha, ita mashahidi, mwandikie barua na umpe nakala shefu wa kartie. Kuhamisha alama za mpaka kwa nia mbaya ni kosa la jinai, hivyo unaweza kupeleka malalamiko kwa parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka.

Suluhu ikishindikana, kesi za ardhi inayofuata mila husikilizwa na mahakama ya amani, kwa sheria ya tarehe 11 Aprili 2013. Kesi zinazohusu cheti cha uandikishaji zinakwenda mahakama kuu, ile tribinali ya grande instance. Asiye na uwezo aombe msaada wa bure kwa chama cha mawakili.

Usichelewe. Ukigundua kwamba mtu amepata cheti juu ya ardhi yako kwa hila au kwa makosa, sheria inatoa miaka miwili tu tangu cheti kitolewe ili kukipinga. Muda huo ukipita, kwa kawaida unabaki kudai fidia tu.

Neno kwa waliokimbia

Tangu vita vya 1996, familia nyingi za Uvira zimekimbilia Burundi, zikarudi, zikakimbia tena. Kukimbia risasi hakumpi jirani haki ya kusogeza ukuta wake. Ukirudi na kukuta mpaka umehama, haki yako ya kudai bado ipo, ila kumbuka ile miaka miwili kama jirani amepata cheti. Ndiyo maana tunawasihi: pigeni nakala za hati zenu leo, moja ibaki nyumbani na nyingine kwa ndugu anayeaminika katika mji mwingine. Na wewe unayepanga kujenga mwezi huu, muite jirani yako kwanza, kisha mpimaji, na fundi awe wa mwisho.